Jina Nililolifuta

Mwaka 2006, nikiwa kidato cha tatu, nilifuta jina la mtu kwenye kazi yake nikaandika langu. Haikuchukua hata dakika. Nilikuwa nimekaa kwenye kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, katika kafe moja ya intaneti Magomeni, Dar es Salaam. Nilifungua ramani ya mchezo wa Warcraft III, nikatafuta mahali palipoandikwa jina la mtengenezaji, nikafuta herufi moja baada ya nyingine mpaka pakabaki peupe. Kisha nikaandika jina langu na la rafiki yangu. Jioni ile ramani ilikuwa kwenye kompyuta zote tisa za kafe, na vijana wa mtaani wakatuita mainjinia.

Leo naandika programu za kompyuta kwa ajili ya kula. Watu wakiniuliza nilianzia wapi, huwa nawasimulia habari za ile ramani, ila sehemu ya jina naiacha. Ninachotaka kusimulia hapa ni historia, lakini ni historia ambayo majina yake mengi yamepotea, na mimi ni mmoja wa waliochangia kuyapoteza. Ndiyo maana nimeona nianze na kosa langu.

Kwa asiyeujua, Warcraft III ni mchezo wa vita uliotolewa na kampuni ya Kimarekani ya Blizzard mwezi Julai 2002. Si kama bao au drafti, ambako mmoja anasubiri mwenzake acheze. Hapa wote mnacheza kwa wakati mmoja: unachimba dhahabu, unakata miti, unajenga kambi, unaandaa askari, na adui naye huko aliko anafanya hivyohivyo. Ukizubaa, unakuta kambi yako inawaka moto.

Ndani ya CD hiyohiyo kulikuwa na kitu cha pili: programu ya kutengenezea ramani, iliyoitwa World Editor. Kwa programu hiyo uliweza kuchora ardhi yako mwenyewe, kuinua vilima, kupitisha mito, kupanda misitu, kisha ukabadili hata sheria za mchezo. Sheria ziliandikwa kwa kitu tulichokiita triga. Kila triga ilikuwa na sehemu tatu: tukio, sharti na kitendo. Likitokea jambo hili, na kama hali ni hii, basi fanya hivi. Jitu likiingia eneo hili, na kama ni la upande wa adui, mpunguzie mchezaji uhai mmoja. Mantiki ya kuandika programu niliipata kwenye sentensi ya namna hiyo, miaka mingi kabla mwalimu yeyote hajanifundisha.

Wachezaji duniani kote walitumia karakana hiyo kutengeneza maelfu ya ramani. Miongoni mwa zilizopendwa sana zilikuwa ramani za kulinda kambi. Humo huendi kumshambulia mtu. Una kambi yako, una barabara inayoelekea kambini, na barabarani yanapita majitu, wimbi baada ya wimbi, kila wimbi likiwa na nguvu kuliko lililotangulia. Kazi yako ni kujenga minara ya kuyapiga kabla hayajafika.

Wazo lenyewe lilikuwepo kabla ya Warcraft. Mwaka 1990 kampuni ya Atari Games ilitoa Rampart, mchezo ambao ndani yake unajenga kuta kuzunguka ngome, unaweka mizinga, unapiga meli zinazokuja, halafu unapewa muda mfupi wa kuziba matundu kabla ya shambulio linalofuata. Mwaka 1998 Blizzard walitoa StarCraft, na katika hatua mojawapo ya mwanzo unatakiwa kufanya jambo moja tu: usiangamizwe kwa dakika 30. Hakuna haja ya kumshinda mtu. Saa ikifika ukiwa hai, umefaulu. Warcraft III nao ulikuwa na hatua ya dakika 30, mwanamfalme Arthas akilinda kijiji mpaka msaada ufike, na hatua ya mwisho kabisa ya mchezo ilikuwa dakika 45 za kulichelewesha jeshi ambalo huwezi kulishinda kwa nguvu.

Watu waliozicheza hatua hizo waliona kwamba kuna utamu wa pekee katika kungoja shambulio huku umejiandaa. Kwa kuwa StarCraft nao ulikuja na programu yake ya kutengenezea ramani, wakaanza kupunguza. Waliondoa uchimbaji wa madini, wakaondoa jeshi la kushambulia, wakabakiza mizinga, barabara na maadui wanaotembea. Warcraft III ulipokuja na karakana yenye uwezo mkubwa zaidi, ramani hizo zikazaliana. Iliyovuma sana siku za mwanzo iliitwa Wintermaul. Mtengenezaji wake alijiita Duke Wintermaul, akaliweka jina lake hilo la mtandaoni ndani ya jina la ramani. Wakati ule nisingeelewa alivyokuwa mjanja. Wengi walioiiga ramani yake walilazimika kulibeba jina lake pia.

Mimi na rafiki yangu tulianza kwa kuharibu. Yeye alikuwa na mkono wa kuchora, kwa hiyo ardhi ilikuwa yake, na triga zikawa zangu. Tuliichukua ramani ya yule mtu tusiyemjua, tukageuza maneno yake ya Kiingereza kuwa Kiswahili, tukahamisha barabara, tukaongeza minara. Kila tulipogusa kitu, kitu kingine kilivunjika, na katika kukiunga tena ndipo tulipoelewa kwa nini mwenyewe alikiweka pale.

Fundisho la kwanza lilihusu njia. Katika ramani yetu mchezaji aliruhusiwa kujenga minara katikati ya barabara, na majitu yalitafuta njia fupi iliyobaki. Mchezaji wetu wa kwanza, mtoto wa darasa la sita, alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya: alijenga minara kutoka ukingo hadi ukingo, akafunga. Majitu yakasimama kama abiria wa Kariakoo siku daladala zimegoma. Hayakusonga wala hayakufa, na kwa kuwa wimbi la pili lilisubiri la kwanza liishe, mchezo mzima ukasimama nayo. Tulirudi kwenye ramani ya asili, tukakuta triga tuliyokuwa tumeiondoa kwa kudhani haina kazi. Ilikuwa ikiangalia kama jitu limekaa mahali pamoja muda mrefu, na kama limekaa, ikaubomoa mnara ulio karibu.

Watengenezaji wa ramani hizi walikuwa wamegundua jambo ambalo nalikumbuka mpaka leo. Katika mchezo wa kulinda, usifunge njia, irefushe. Mchezaji mzuri anaacha mlango wazi, ila anaupinda ukumbi mpaka jitu lipite chini ya mnara uleule mara nne kabla ya kuuona mlango. Ramani nzuri ni ile inayomwezesha mgeni kuligundua hilo mwenyewe, bila kuandikiwa maelezo.

Fundisho la pili lilitujia angani. Kwenye wimbi la saba tuliweka majitu yanayoruka, kwa sababu yalikuwa mazuri kuyatazama. Kinachoruka hakijali mzunguko wako wa minara, kinapita juu moja kwa moja hadi kambini. Siku ya kwanza kompyuta zote tisa zilishindwa kwenye wimbi la saba, na mwenye kafe, tuliyemwita Kaka, akatuuliza kama tunataka kumfukuzia wateja. Ikabidi tumwonye mchezaji. Kwenye wimbi la tano tukaleta majitu matatu tu yanayoruka, dhaifu, ili aone hatari inavyokuja na apate muda wa kujenga mnara wa kupiga juu.

Fundisho la tatu lilikuwa pesa. Kila jitu linalokufa linampa mchezaji dhahabu, na dhahabu ndiyo inayojenga minara. Ukimpa nyingi, kufikia wimbi la kumi hana tena cha kuogopa, anakwenda kununua soda huku minara ikimfanyia kazi. Ukimpa kidogo, kosa moja la wimbi la tatu linamuua kwenye wimbi la ishirini, naye hajui alikosea wapi. Isitoshe, Warcraft III una aina mbalimbali za mapigo na za ngao: mshale unamuumiza huyu, unamgonga tu yule, na uchawi hivyo hivyo. Tulijaza daftari la hesabu kwa majedwali ya uhai wa majitu na bei za minara. Mama alipoliona alifurahi, akidhani najiandaa na mtihani.

Kila shambulio uliloliandika unataka lishindwe, lakini kwa shida. Unakaa upande wa adui ukiwa na huruma kwa mlinzi. Sikuwahi kabla ya hapo kumfikiria kwa makini kiasi hicho mtu nisiyemjua, atakachokiona kwanza, atakapokata tamaa, atakapofurahi. Ndiyo maana jambo la jina linanisumbua. Yule mtu aliyeandika ramani ya asili alikuwa amenifikiria mimi kwa namna hiyohiyo.

Ramani ilitufikia kwa mkono. Binamu yangu alikuja likizo kutoka Muscat mwaka 2005, akaniletea CD yenye mikwaruzo, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Ilikuwa na ramani kadhaa alizozikusanya akicheza huko. Waliokuwa na intaneti ya kasi walicheza kupitia Battle.net, seva za Blizzard, na huko ramani zilisambaa kwa njia ya ajabu kidogo. Mtu alifungua chumba cha mchezo, na aliyeingia bila kuwa na ramani hiyo alitumiwa nakala kutoka kwa mwenyeji, palepale. Kwa miaka mingi kikomo cha ukubwa wa faili kilikuwa megabaiti 4. Basi ramani ilisafiri kutoka kompyuta hadi kompyuta bila duka wala ghala rasmi. Iliyopendwa ilisambaa, na isiyopendwa ilikufa kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza.

Dar es Salaam hatukuwa na njia hiyo. Intaneti yetu ilipitia setilaiti, ya polepole na ya bei ghali; kebo ya kwanza ya SEACOM chini ya bahari haikufika hadi Julai 2009. Kafe yetu ilikuwa na mtandao wa waya wa ndani tu. Ramani zilikuja kwa CD, baadaye kwa flashi, na zilipofika zilibaki nasi.

Usafiri wa namna hii ndio uliofanya majina yapotee kirahisi. Ramani nyingi hazikufungwa, kwa hiyo yeyote aliyepokea nakala aliweza kuifungua kwenye World Editor, kuona triga zote, kubadili kitu kimoja na kuongeza namba ya toleo mwishoni mwa jina la faili. Wapo walioacha jina la mwanzilishi na kuandika lao chini yake. Wapo waliofanya kama mimi. Nikiwasoma washairi wetu wa zamani huwa nakumbuka jambo hili. Mtunzi wa utenzi alizoea kujitaja katika beti za mwisho, akaomba dua, na mara nyingine akataja hata mwaka. Alijua kazi yake itanakiliwa kwa mikono ya watu asiowajua, na njia bora ya kulilinda jina ni kulishonea ndani ya ushairi wenyewe. Duke Wintermaul naye alifanya jambo la namna hiyo.

Wengine walichagua kufuli. Zilikuwepo programu za kuifunga ramani ili ichezwe bila kufunguliwa, na watengenezaji wengi waliochoka kuibiwa walizitumia. Siwezi kuwalaumu. Lakini nikijiuliza ingekuwaje kama ramani ile ya Muscat ingefungwa, jibu ni kwamba nisingejifunza chochote. Ningeicheza, ningeifurahia, ningeisahau. Mlango uleule alioniachia wazi ili nijifunze ndio niliopitia kumwibia.

Wakati sisi tunabishana kuhusu wimbi la saba, mambo yalikuwa yakienda mbali. Blizzard wenyewe walikuwa wameshajifunza kwa wachezaji wao: katika The Frozen Throne, nyongeza ya Warcraft III iliyotoka mwaka 2003, waliweka hatua ya siri iitwayo The Crossing, ambayo ni mchezo wa minara mtupu. Kisha mapema mwaka 2007 David Scott, aliyekuwa ameipenda ramani ya Warcraft III iitwayo Element TD, akatoa Flash Element TD, mchezo mdogo wa kuchezwa ndani ya kivinjari. Miezi michache baadaye Paul Preece akatoa Desktop Tower Defense, na watu wakaanza kujenga minara wakiwa ofisini, mabosi wao wakiwa hawana habari. Wawili hao wakaungana wakafungua kampuni. Mwaka 2009 ukaja Plants vs. Zombies wa kampuni ya PopCap. Mbunifu wake, George Fan, ameeleza kwamba ramani za minara za Warcraft III zilichangia wazo lake. Mchezo huo hata mama yangu aliucheza kwenye simu.

Kulikuwa pia na ramani nyingine, DotA, ambayo haikuwa ya minara tu. Mizizi yake ilikuwa ramani ya StarCraft, na ilipita mikononi mwa watu kadhaa waliojulikana zaidi kwa majina ya mtandaoni: Eul, Guinsoo, IceFrog. Hiyo ilikua mpaka kampuni mbili kubwa, Valve na Blizzard, zikagombania jina lake, zikasuluhishana mwezi Mei 2012. Na mwezi Januari 2020, Blizzard walipotoa Warcraft III: Reforged, masharti mapya yalisema kwamba ramani utakayoitengeneza kwa programu yao ni mali yao. Wachezaji wengi walikasirika. Mimi nilisoma habari ile nikaona aibu kabla ya hasira. Kampuni ilikuwa imeandika kwa lugha ya mawakili jambo nililolifanya mimi kwa kitufe cha kufutia.

Unaweza kusema, mbona hatumuulizi aliyebuni bao? Ni kweli, hatumuulizi. Lakini aliyebuni bao amelala karne nyingi, na huenda alikuwa watu wengi. Huyu wangu aliishi juzi. Huenda ana umri unaozidi wangu kwa miaka mitano tu, ana watoto, anapanda treni kwenda kazini, na hajui kwamba vijana wa Magomeni walikesha na kazi yake.

Mwaka jana rafiki yangu alihama nyumba, akaikuta flashi ya zamani kwenye kisanduku cha nyaya. Akaniletea. Ilisoma. Nilifungua ramani yetu na kwanza nikaangalia mahali pa jina: mimi na yeye, kama tulivyoliacha. Lile la asili sikulikumbuka, na bado silikumbuka, hata herufi ya kwanza. Nikafungua triga.

Tulikuwa tumebadilisha kila neno ambalo mchezaji angeliona, lakini majina ya ndani hatukuyagusa, kwa kuwa tuliogopa kuvunja kitu. Yalikuwepo yote. Turm. Geld. Leben. Zaidi ya yote, Welle 1, Welle 2, Welle 3, mpaka Welle 30. Enzi zile tulidhani ni vifupisho vya Kiingereza, au maneno aliyojibunia mwenyewe, na tukayasoma kama yalivyoandikwa. Safari hii nilitulia. Mnara. Pesa. Uhai. Na Welle nililijua tangu utotoni, kwa masikio tu. Kila siku baba alifungua redio kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, na watangazaji walilitamka kwa sauti ya v, kwa hiyo sikuwahi kuliunganisha na herufi zile kwenye kioo. Maana yake ni wimbi.

Kwa hiyo najua kwamba alizungumza Kijerumani. Najua aliandika kwa Kiingereza yale ambayo wageni wangeyasoma, na kwa lugha yake yale aliyoyaandika kwa ajili yake mwenyewe. Najua alikuwa mwangalifu, kwa sababu triga zake zimepangwa kwenye makabrasha, na aliweka ile ya kuwazuia watoto wa darasa la sita wasifunge njia. Hayo ndiyo yote niliyonayo, na kwa mtu ninayemwita mwalimu wangu wa kwanza ni kidogo mno.

Nilimpigia rafiki yangu nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Tulikuwa watoto, bwana.” Nikamwambia ni kweli. Akasema, “Lakini sasa si watoto.” Tukaondoa majina yetu mahali pale. Hatukuwa na jina la kurudisha, basi tukaandika kwa Kiswahili, na chini yake kwa Kijerumani tulichosaidiwa na kamusi, kwamba ramani hii ilitengenezwa na mtu ambaye jina lake lilifutwa Dar es Salaam mwaka 2006, na kwamba waliolifuta wangependa kumjua. Tukahifadhi faili. Hatukuifunga.